Kilomita Ngapi kwa Siku Moja?

Leo nataka tuzungumze habari za malori yenye matela yanayopita mbele ya milango yetu usiku na mchana, na hasa jambo moja ambalo husemwa kwa nadra: dereva anayevuta tela aende kilomita ngapi kwa siku, ndipo asimame, ale na alale?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Wengi watasema, "Mwachie dereva mwenyewe, yeye ndiye anayejua nguvu zake." Wengine watasema hilo ni shauri la tajiri mwenye gari. Mimi nasema ni shauri letu sote, kwa sababu dereva akisinzia pale Kigonsera au Kitai, lori halichagui. Litamkuta mtoto wa shule, mama aliyebeba kuni, au kijana wa bodaboda aliyepakia abiria wawili. Wote hao hawakuulizwa kama dereva amelala vya kutosha.

Sisi wa Mbinga na Nyasa tunayo sababu ya kulifikiria jambo hili kuliko wengi. Tangu mwaka 2011 makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa Ngaka, katika kata ya Ruanda, na makaa hayo husafiri kwa lori kwenda viwanda vya saruji na bandari ya Mtwara. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati duniani, wanunuzi wa mbali waliyatafuta makaa yetu, na msururu wa malori ukawa mrefu kuliko tulivyozoea. Juu ya hayo kuna kahawa yetu inayoteremka kutoka milima ya Umatengo kila msimu, kuna mahindi, kuna mbolea na saruji zinazoingia, na kuna bidhaa za ziwani kutoka Mbamba Bay, Liuli na Lituhi.

Barabara nazo zimebadilika. Wazee wenzangu wanakumbuka Mbinga hadi Mbamba Bay wakati wa masika: kilomita 66 tu, lakini gari liliweza kulala njiani, abiria wakashuka kusukuma, utingo akakata matawi ya kutupa chini ya matairi. Wanakumbuka pia Songea hadi Tunduru, jinsi malori yalivyokwama siku kwa siku, hata mtu wa Songea mwenye safari ya Mtwara akaona heri azunguke kwa Dar es Salaam. Leo njia zote hizo zina lami, na kwa hilo tunashukuru. Lakini naomba tukumbuke kwamba lami imekuja na mlima haukuondoka. Kona ziko pale pale na miteremko iko pale pale. Zamani matope ndiyo yaliyompangia dereva mwendo na kumlazimisha kulala. Sasa matope hayapo, na dereva anatakiwa ajipangie mwenyewe.

Tuanze na tela lenyewe, maana asiyevuta tela hudhani ni lori refu tu. Sivyo. Lori likiwa peke yake lina mwili mmoja. Likifungwa tela linakuwa miili miwili iliyoshikana mahali pamoja, na mwili wa nyuma una akili yake. Ukifunga breki kwa ghafla kwenye kona, kichwa kinataka kusimama huku tela likitaka kuendelea, na mwisho wake tela linakuja kumwangalia dereva dirishani. Breki za upepo nazo hazifiki nyuma papo hapo. Upepo unachukua muda kidogo kusafiri kwenye mipira mpaka kwenye magurudumu ya mwisho, na muda huo, ingawa ni mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili, ni mita kadhaa za barabara.

Uzito ndio mwingine. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari inaruhusu gari na mzigo wake kufika tani 56, ikiwa ekseli zake zinatosha. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa kila sekunde. Dereva aliyelala vizuri akiona ng'ombe barabarani huchukua kama sekunde moja mpaka mguu wake uguse breki. Mita 22 zimekwisha na breki bado haijaanza kazi. Dereva aliyechoka huchukua sekunde mbili. Hizo ni mita 44. Na yule ambaye kope zimemwangukia kwa sekunde tatu tu, amekwenda mita 66 bila mtu kwenye usukani. Kuna watu hulala usingizi huo wa sekunde tatu macho yakiwa wazi, nao wataapa kwamba hawakulala.

Halafu kuna mteremko. Mji wa Mbinga uko juu ya ziwa kwa zaidi ya mita 800. Lori la tani 40 likishuka kutoka huku hadi Mbamba Bay, nguvu yote ya kule kushuka haina budi kwenda mahali fulani. Kama ingegeuka yote kuwa moto kwenye breki, moto huo ungetosha kuchemsha zaidi ya mapipa manne ya maji. Kwa bahati injini, matairi na upepo hubeba sehemu yake, lakini tu kama dereva ameweka gia ndogo toka juu, kabla mteremko haujaanza. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni yao: gia utakayopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Anayeachia gari nyutro ili kuokoa dizeli ameuza breki zake kwa bei ya lita mbili. Breki zikipata moto sana hazishiki tena, hata ukikanyaga kwa miguu yote miwili. Na ukiona moshi, simama, weka vigingi, ngoja zipoe zenyewe. Usimwagie maji, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi hupasuka.

Ndugu msikilizaji, hapa Umatengo tumerithi hekima inayofaa jambo hili. Babu zetu walikuta milima mikali, mvua kubwa, na udongo unaotaka kukimbilia bondeni. Wakachimba ngoro, vile vishimo vinavyoonekana kama sega la nyuki juu ya kilima, ili maji yasipate nafasi ya kushika kasi. Maji yanayosimama kidogo hapa na kidogo pale hayabebi shamba. Dereva naye aigawe safari vivyo hivyo, na mteremko vivyo hivyo. Kinachoua ni mwendo ulioachwa ukusanyike bila kituo.

Sasa turudi kwenye swali letu: kilomita ngapi?

Watu wengi hupanga safari kwa kuangalia umbali peke yake. "Mtwara ni kilomita 750, lori linakwenda 80, basi ni masaa tisa na nusu." Hesabu hiyo ni ya darasani. Sheria yetu inasema gari la zaidi ya kilo 3,500 lisipite kilomita 80 kwa saa, na lisipite 50 penye makazi ya watu. Na nchi yetu, ashukuriwe Mungu, ina makazi kila mahali. Ukijumlisha vijiji, matuta, milima inayopandwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, na miteremko inayoshukwa hivyo hivyo, lori lenye tela na mzigo kamili likipata wastani wa kilomita 45 kwa saa limefanya vizuri. Katika miaka niliyoshughulika na usafirishaji wa mazao hapa Mbinga, nilijifunza kupanga kwa hesabu hiyo ya 45, na dereva aliyeahidi zaidi nilimwangalia mara mbili.

Halafu tuihesabu siku yenyewe. Jua letu linatoka kama saa kumi na mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili jioni. Tuseme dereva anaondoka saa kumi na mbili alfajiri na anatakiwa awe amesimama saa kumi na moja jioni, bado kuna mwanga wa kukagua matairi na kutafuta mahali pa kulala. Hayo ni masaa kumi na moja. Toa saa moja ya chakula cha mchana. Toa mapumziko mawili ya nusu saa nusu saa. Toa saa moja ya mizani na ukaguzi wa askari wa barabarani. Yanabaki masaa manane ya kushika usukani. Mara 45, ni kilomita 360. Kwa hiyo mimi nasema wazi: dereva mmoja, tela lenye mzigo, barabara zetu hizi, kilomita 350 kwa siku ndiyo kamba ya mbuzi. Ukipita hapo, unakula shamba la mtu.

Wenzetu wa Ulaya, wenye barabara pana na magari mapya, wameliandika jambo hili katika sheria. Dereva wa lori kule haruhusiwi kuendesha zaidi ya masaa manne na nusu bila kupumzika dakika 45, na kwa siku ya kawaida haruhusiwi kupita masaa tisa ya usukani. Kama wao wenye barabara zilizonyooka wameona masaa tisa yanatosha, sisi wenye kona za Lukumburu tunajidai nini na masaa kumi na sita?

Na wala tusiseme kwamba sheria ni ya Wazungu. Yetu ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi asifanyishwe kazi zaidi ya masaa kumi na mawili kwa siku, pamoja na yale ya ziada. Inasema apate mapumziko ya saa moja akishafanya kazi masaa matano mfululizo. Inasema kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kazi kesho apumzike masaa kumi na mawili. Dereva wa lori ni mfanyakazi. Kibanda cha gari ni mahali pake pa kazi kama ofisi ya karani. Sioni kwa nini karani afunge ofisi jioni na dereva aambiwe, "Komaa."

Sasa tuipange safari moja kwa pamoja, tuone kama jambo hili linawezekana au ni maneno ya redioni tu. Tuchukue Mbinga hadi Mtwara. Mbinga hadi Songea ni kama kilomita 100. Songea hadi Namtumbo kama 70. Namtumbo hadi Tunduru kama 190 na ushee. Tunduru hadi Mangaka kama 137. Mangaka hadi Masasi kama 55. Masasi hadi Mtwara kama 200. Jumla tunazungumza juu ya kilomita 750 na kidogo, ambazo kwa wastani wetu ni karibu masaa kumi na saba ya usukani. Anayeziendesha kwa mkupuo mmoja, akiondoka mchana, atakuwa njiani usiku kucha na kuingia Mtwara mchana wa pili.

Mpango wangu ni huu. Siku ya kwanza ni ya kupakia. Kupakia huchukua asubuhi nzima, na tusisahau kwamba dereva anayesimamia upakiaji, akafunga turubai na kukaza minyororo, tayari yuko kazini. Akiondoka Mbinga saa tano, aende Songea, apite, akalale Namtumbo. Kilomita 170. Milima yote mikali ameipita mchana, na breki zake amezijaribu. Siku ya pili atoke Namtumbo alfajiri, ale chakula cha mchana Tunduru, akalale Mangaka. Kilomita 330 hivi, ndani ya kamba yetu. Siku ya tatu amebakiwa na kilomita 255, anaingia Mtwara mapema, mwili una nguvu ya kukaa kwenye foleni ya kushusha.

Anayekwenda Dar es Salaam naye apange hivyo hivyo. Akalale Njombe siku ya kwanza kama alipakia jana yake, baada ya kuvuka Lukumburu kukiwa na mwanga. Siku ya pili aridhike na Iringa, ingawa ni karibu na moyo utamwambia aendelee. Asiusikilize, kwa sababu mbele yake kuna mlima wa Kitonga, na mlima ule ni wa kushukwa asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia na ngoma za breki zikiwa za baridi. Siku hiyo ya tatu atapita Hifadhi ya Mikumi mchana, anawaona wanyama kabla hawajamwona, na kulala Morogoro. Siku ya nne ni kipande cha mwisho tu. Naona umuhimu wa kulisema hili: siku fupi ni sehemu ya mpango. Kuna siku za kilomita 350 na kuna siku za kilomita 230, na kinachoamua ni kile kilichopo mbele ya kesho.

Najua kuna mtu anauliza: kwa nini tusisafiri usiku, barabara ikiwa tupu na matairi yakiwa ya baridi? Ni hoja, na siidharau. Hata mabasi ya abiria, ambayo kwa miaka mingi yalizuiwa kusafiri usiku, yaliruhusiwa tena mwaka 2023. Lakini mwili wa binadamu haukuomba ruhusa hiyo. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri mwili unataka kulala, upende usipende, hata kama ulilala mchana. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwapima watu waliokesha, wakaona kwamba mtu aliyekaa macho masaa kumi na saba mikono na akili yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye pombe ya gramu 0.05 katika kila mililita 100 za damu. Akifikisha masaa ishirini na manne bila kulala, ni kama gramu 0.10. Yaani dereva huyo hakuonja hata kikombe cha ulanzi, na bado amelewa. Askari akimpulizisha kipimo hatapata kitu.

Na kahawa je? Sisi ni wakulima wa kahawa, nisije nikaitukana. Kahawa ni nzuri, lakini haimlipi mtu deni la usingizi. Inamwombea siku za kulipa tu. Mirungi na vidonge vinavyopitishwa kwa siri ni vibaya zaidi, maana vinamwondolea mtu hisia ya uchovu na kumwachia uchovu wenyewe. Vikimwachia, vinamwachia ghafla. Dawa ya usingizi wa kweli ni moja tu, nayo haiuzwi dukani.

Hapo Kitai nilizungumza na dereva mmoja, kijana wa makamo, macho mekundu kama pilipili. Nikamwuliza, "Mwanangu, umelala lini?" Akacheka. Akaniambia, "Mzee, mimi nalipwa kwa tripu. Nikilala, nani atanilipia kulala?" Nikamwuliza kama tajiri wake amemwamuru asilale. Akasema hapana, hakuna mtu aliyemwamuru. "Hawasemi usilale, mzee. Wanauliza tu mbona fulani amefika jana."

Ndugu msikilizaji, maneno ya kijana yule ndiyo kiini cha mazungumzo yangu. Tunaweza kuwahubiria madereva mpaka koo zikauke, tukawabandikia matangazo ya "Mwendo Kasi Unaua" kila nguzo, lakini kama malipo yao yanahesabiwa kwa tripu, na sifa zao kwa kufika jana, tumewaambia jambo moja kwa mdomo na jambo lingine kwa mfuko. Mfuko ndio unaosikika. Tajiri anayetaka gari lake lirudi zima amlipe dereva mshahara wa mwezi unaotosha, na fedha ya kulala njiani aitenge peke yake, isichanganywe na ya mafuta. Atakayelala apate fedha yake, na atakayekesha asipate zawadi.

Simlaumu tajiri bila kumsikiliza. Wengi wao wamenunua magari kwa mkopo, na benki haijui usingizi wa dereva. Lakini twende kwenye hesabu. Safari ya kilomita 750 kwa wastani wa 45 ni masaa kumi na saba kasoro kidogo. Dereva akilazimisha mpaka wastani wa 55, itakuwa masaa kumi na nne kasoro kidogo. Amekuokolea masaa matatu. Masaa hayo matatu yataliwa yote kwenye foleni ya kushusha mzigo, ambako gari lililofika alfajiri na lililofika mchana mara nyingi hushusha siku ile ile. Kwa faida hiyo umechoma matairi, umemaliza breki, umekunywa dizeli, na umeweka rehani gari, mzigo na roho ya mtu. Ni biashara gani hiyo?

Nina neno pia kwa wenye mzigo, maana mara nyingi tunawasahau. Chama cha msingi, mfanyabiashara wa mahindi, mnunuzi wa makaa, kila mmoja anapoandika mkataba wa usafirishaji huandika siku ya kufika. Naomba aandike siku zinazowezekana. Ukiandika "kesho asubuhi" kwa mzigo ulio Mbinga unaokwenda Mtwara, umeandika kwamba kuna mtu hatalala usiku huu. Mkono wako umo.

Kuna jambo la safari ya kurudi pia. Dereva aliyeshusha mzigo hujiona amemaliza kazi. Gari ni jepesi, linapaa. Ni wakati huo huo tela tupu linarukaruka, magurudumu yake hufunga upesi breki ikikanyagwa, na kona iliyokuwa rahisi wakati wa kwenda inakuwa mtego. Uchovu wa kwenda haukushushwa pamoja na mzigo. Kilomita za kurudi zihesabiwe kama za kwenda.

Nasi wananchi tunayo sehemu yetu. Dereva atalala wapi? Akisimama mahali pa giza, anaamka amenyonywa dizeli, turubai limekatwa, betri hazipo. Ndipo anapoona ni salama zaidi kuendesha akisinzia kuliko kulala. Halmashauri zetu zilizoko kwenye njia hii, kuanzia Mbinga mpaka Nanyumbu na Masasi, zingeweza kutenga viwanja vyenye uzio, taa, mlinzi, choo na mama lishe wa kuaminika, malori yakalipia kidogo. Serikali ya kijiji ingepata ushuru, akina mama wangeuza wali na samaki, na dereva angelala. Na vijana wetu wanaonyonya mafuta usiku wajue kwamba wanamnyang'anya mtu usingizi, na usingizi ule utakuja kulipwa mbele ya shule fulani.

Tazameni wavuvi wetu wa Liuli na Lituhi. Mnunuzi wa mbasa anaweza kusimama ufukweni na fedha mkononi tangu alfajiri, barafu ikiyeyuka kwenye masanduku. Mwera ukivuma na ziwa likichafuka, mvuvi haingizi mtumbwi majini. Hakuna anayemwita mvivu. Mke wake hamwulizi mbona fulani ametoka. Kijiji kizima kinajua kwamba ziwa lina siku zake, na mtu mzima huziheshimu. Nataka tufike mahali ambapo dereva aliyesimamisha lori lake saa kumi na moja jioni, akaweka vigingi, akazunguka akigonga matairi yake moja moja, naye aheshimiwe hivyo hivyo. Akimpigia simu tajiri na kusema, "Nimelala Namtumbo," ajibiwe, "Umefanya vema, lala salama."

Wewe dereva unayenisikiliza sasa hivi ukiwa kwenye usukani, labda unapandisha milima ya Mbinga na mzigo wa watu nyuma yako, naomba ujiulize mambo matatu tu. Umeamka saa ngapi? Tangu uamke umekwenda kilomita ngapi? Na kituo cha kulala kiko wapi? Kama huna jibu la swali la tatu, basi safari yako haijapangwa. Tafuta jibu kabla jua halijazama.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, nakutakia mwendo mwema.